Vitu Vilivyorudishwa: Uamsho wa Gahini na Maisha ya Kila Siku

Alhamisi moja jioni, katika ushirika wetu mdogo wa maombi hapa Kagera, kijana mmoja alisimama kutoa ushuhuda. Alisema kwamba siku ya Jumanne aliazima toroli kwa jirani ili abebe mchanga, na njiani tairi likapata pancha. Akakaa kando ya barabara akitafakari, na Bwana akamfundisha kwamba maisha bila Roho Mtakatifu ni kama tairi lisilo na upepo: mzigo ni uleule, barabara ni ileile, lakini huendi. Tukaitikia, "Amina!" Ndipo bibi yetu mmoja, ambaye hukaa karibu na mlango kwa sababu ya miguu yake, akauliza kwa upole, "Mjukuu wangu, na hilo toroli umelirudisha?"

Tulicheka. Kijana naye alicheka kwanza, kisha akanyamaza. Toroli lilikuwa bado limeegemezwa ukutani nyumbani kwake, na pancha yake vilevile.

Hatumsemi kijana huyo kwa ubaya, maana sisi sote ndivyo tulivyozoea. Tumefundishwa tangu shule ya Jumapili kutafuta neno la Mungu katika mambo ya kila siku. Mkaa ukiutenga na wenzake jikoni huzimika, nasi tumeusikia mfano huo mara nyingi hata mtu akitaja jiko tu tunajua mahubiri yanaelekea wapi. Tuna mfano wa mgomba unaozaa mara moja na kuacha machipukizi, tuna wa senene wanaoifuata taa. Si vibaya. Bwana wetu mwenyewe alifundisha kwa chachu, kwa sarafu iliyopotea na kwa mbegu iliyoanguka njiani. Lakini swali la bibi lilitusumbua. Tulipomwuliza baadaye, alituambia kwamba ndugu wa zamani waliomlea katika wokovu hawakuulizana sana, "Umejifunza nini?" Waliulizana, "Umetengeneza?" Nao walikuwa na maana moja tu: aliyemkosea, amekwenda kwake? Kitu cha watu, amekirudisha?

Basi tukataka kujua desturi hiyo ilitoka wapi, na kwa nini kwetu imebaki salamu na nyimbo tu.

Ilitoka ng'ambo ya mpaka, si mbali na sisi. Gahini ni kilima kilichoko mashariki mwa Rwanda, juu ya ziwa Muhazi. Katika miaka ya 1920 wamisionari wa Kianglikana walifungua hospitali pale. Mwaka 1928 alifika daktari kijana kutoka Uingereza, Joe Church, naye akakuta nchi imeingia katika njaa kali. Wanyarwanda waliipa njaa hiyo jina, Rwakayihura. Watu walikuja hospitalini si kwa kuumwa tu bali kwa kukosa chakula, na wengine walifia njiani. Daktari alikuwa amekuja na bidii nyingi na maombi mengi, lakini kufikia mwaka 1929 alikuwa amechoka mwili na roho. Akaenda Kampala kupumzika.

Huko, kwenye kilima cha Namirembe, alikutana na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi. Huyu alikuwa mtu wa heshima, mwenye kazi ya afya serikalini. Aliwahi kutamani sana kwenda kusoma ng'ambo, akakosa nafasi hiyo, na katika uchungu wa kukosa ndipo alipoona kwamba wokovu ni zawadi kubwa kuliko ile aliyonyimwa. Wawili hao walikaa pamoja siku kadhaa na Biblia zao, wakisoma habari za Roho Mtakatifu na kuomba. Walioandika historia ya Uamsho wa Afrika Mashariki wengi huanzia hapo, mwezi Septemba 1929. Sisi tunapenda mwanzo huo kwa sababu hakuna mmoja wao aliyekuwa katika siku nzuri. Mmoja alikuwa amechoka, na mwingine alikuwa amekwisha kukosa alichokitaka.

Tena hawa wawili hawakuwa watu wa kawaida kukaa pamoja. Mmoja alikuwa Mzungu na daktari, mwingine Mwafrika, katika siku ambazo Mzungu aliombewa na Waafrika kwa nadra sana, na kukosolewa nao kwa nadra zaidi. Jambo hili tutalirudia.

Hata hivyo Namirembe haikubadilisha Gahini papo hapo. Daktari alirudi na furaha, lakini hospitali ilibaki na magomvi yake. Kiongozi wa watumishi wa Kiafrika pale alikuwa Yosiya Kinuka, mtu wa Ankole. Yeye na daktari hawakuelewana vizuri, watumishi walinung'unika, kazi ililegea. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Yosiya alikwenda Kampala kumtembelea Nsibambi. Nsibambi akamwuliza habari za hospitali, na Yosiya akaeleza yote: ubaya wa mambo, watu wasivyofanya kazi, jinsi hali isivyovumilika. Alipomaliza, Nsibambi hakumpa pole. Alimwambia kwamba chanzo cha hali hiyo ni dhambi iliyomo moyoni mwake yeye Yosiya.

Tujiweke mahali pake. Mtu amesafiri safari ndefu, amekuja kushtaki, na anaambiwa kwamba yeye ndiye kesi. Yosiya alikasirika, lakini neno lilisafiri naye, na kabla hajafika Gahini alikuwa amejitoa kwa Kristo. Aliporudi watumishi wenzake waliona mabadiliko kabla ya kusikia mahubiri. Hospitali ikaanza kubadilika, kwanza mtu mmoja, kisha wengine. Baadaye Yosiya alikuwa mchungaji, na mwaka 1947 alisafiri pamoja na Joe Church na William Nagenda mpaka Uingereza kushuhudia kwa Wakristo wa kule.

Mwaka 1935 kulikuwa na mkutano mkubwa Kabale, na katika miaka iliyofuata moto ukaenea Rwanda, Burundi, Uganda, Kenya na Tanganyika. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, aliyefundisha Gahini, alifariki Januari 1936, angali kijana, baada ya kuja Uganda na ujumbe kwa kanisa lake kwamba liamke. Kifo chake kiliwaamsha wengi ambao pengine wasingeamshwa na hotuba yake. Waganda waliwaita watu hawa Balokole, yaani waliookoka. Wimbo wao, Tukutendereza, uliimbwa katika lugha nyingi, nasi tunauimba mpaka leo.

Lakini wenyeji wa nyakati zile hawakushangazwa na wimbo. Walishangazwa na vitu vilivyoanza kurudi. Watu walirudisha majembe, nguo, mifugo, fedha. Mtu alikwenda kwa bwana wake wa zamani kumwambia, "Hizi ni zako, nilizichukua." Maofisa wa serikali na wenye maduka waliletewa fedha ambazo hawakujua kwamba zimepotea. Baadhi yao walidhani hawa watu wamerukwa na akili. Wengine walianza kuwatafuta Balokole hasa kuwapa kazi za kutunza fedha, ijapokuwa waliwachoka kwa kuhubiriwa.

Ndugu hao hawakubuni jambo jipya. Torati iliagiza kwamba aliyechukua kitu cha mwenzake akirudishe chote na kuongeza sehemu ya tano juu yake, kabla ya kuleta sadaka yake. Bwana wetu alisema kwamba mtu akikumbuka madhabahuni kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka palepale aende kupatana kwanza. Na Zakayo, siku wokovu ulipoingia nyumbani mwake, maneno yake ya kwanza tuliyoandikiwa yanahusu hesabu: nusu kwa maskini, na mara nne kwa aliyedhulumiwa. Tumezoea kumkumbuka Zakayo kwa ule mti na ufupi wake. Watoto wetu wanamchora juu ya mkuyu. Hatujawahi kuona mtoto akimchora anagonga mlango wa mtu na mfuko wa fedha mkononi.

Hapo ndipo tulipoanza kumwelewa bibi. Kijana wetu aliliona toroli kama mfano, na mfano ulikuwa mzuri. Wale ndugu wangeliona kwanza kama toroli la mtu.

Uamsho uliingia pia mahali ambapo mahubiri huwa hayafiki kwa urahisi, yaani jikoni na mezani. Katika sehemu nyingi za Uganda na hapa kwetu mwanamke hakuruhusiwa kula kuku wala mayai, ingawa yeye ndiye aliyefuga na kupika. Mume alikula peke yake au na wageni wake, mke na watoto wakala upande wa jikoni. Waliookoka walianza kuketi pamoja na kula sahani moja. Wake wakala kuku. Waume wakaonekana wakibeba mzigo ambao desturi ilisema ni wa mwanamke. Majirani walicheka na wazee wa koo walikasirika, maana walielewa vizuri kwamba jambo lililobadilika si chakula.

Festo Kivengere alikuwa mtoto wa uamsho huo. Alizaliwa Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, akaokoka akiwa mwalimu kijana, kisha akaja kufundisha Dodoma kwa miaka mingi, hata watu wengi wa Tanganyika wakamhesabu kuwa wao. Mwaka 1972 alikuwa askofu wa Kigezi. Katika mahubiri yake alizoea kusimulia habari mbili za ujana wake wa imani. Ya kwanza ni kwamba mara baada ya kuokoka, moyo ulimsukuma aende kwa Mwingereza mmoja ambaye alimchukia. Akaendesha baiskeli kama maili 50, akafika, akamwambia kwamba alikuwa akimchukia na sasa anampenda kwa ajili ya Kristo, akamwomba msamaha.

Habari ya pili ni fupi kwa umbali, lakini sisi tunaiona ni ndefu zaidi. Alikuwa amekwaruzana na mkewe, na saa ya kwenda kuhubiri imekaribia. Roho akamwambia arudi akaombe pamoja na mkewe. Akajitetea kwamba watu wanamngoja, atatengeneza akishamaliza kuhubiri. Jibu alilosikia moyoni ni kwamba vema, aende akahubiri, na Roho atabaki jikoni na mke wake. Kivengere akarudi jikoni.

Tumejaribu kuhesabu ni mara ngapi sisi tumekwenda kuhubiri peke yetu namna hiyo. Wazee wa usharika walioko katika ushirika wetu waliomba tusiendelee na hesabu.

Wengi wanamkumbuka Kivengere kwa jambo kubwa zaidi. Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa na utawala wa Idi Amin. Kivengere na mkewe wakakimbia usiku kwa miguu kupitia milimani hadi Rwanda. Mwaka uleule akatoa kitabu ambacho jina lake lilitangaza kwamba anampenda Idi Amin, na watu walishindwa kuelewa anawezaje kusema hivyo na damu ya rafiki yake haijakauka. Hatudhani kwamba aliupata upendo huo siku ile alipouhitaji. Alikuwa ameuzoea kwa miaka 30 na zaidi, kwa baiskeli na jikoni.

Hapa Kagera uamsho ulifika mwishoni mwa miaka ya 1930, kwanza kwa ndugu wa Kianglikana upande wa Katoke, kisha ukaingia kwetu Walutheri. Haukupokelewa kwa matarumbeta. Wachungaji wengine waliona ni vurugu: walei wanasimama na kuwaambia viongozi watubu, wanawake wanashuhudia mbele ya waume, watu wanaimba mpaka usiku. Lakini ulitupa watu kama Josiah Kibira, aliyekuwa askofu wetu na ambaye mwaka 1977, kwenye mkutano uliofanyika Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuliongoza Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Yeye hakuona haya kusema kwamba ni mtu wa uamsho.

Mgongano na viongozi haukuwa kwetu tu. Katika chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, mwaka 1941 wanafunzi 26, William Nagenda akiwa mmoja wao, walifukuzwa. Walikuwa wakiamka usiku wa manane kuomba na kuhubiriana, na kukemea dhambi chuoni, wizi ukiwa mojawapo, na walipokatazwa hawakuacha. Tukisoma habari ile leo tunawaonea huruma wanafunzi, lakini kusema kweli tunamwonea huruma kidogo na mkuu wa chuo. Si rahisi kulala katika bweni la watu walioamka.

Kwa wamisionari nao jambo halikuwa jepesi. Tulisema tutarudia habari ya Mzungu kukosolewa na Mwafrika. Katika ushirika wa nuru, kama walivyouita wakifuata waraka wa kwanza wa Yohana, kila mtu alikuja chini ya msalaba kwa usawa. Baadhi ya wamisionari walisimama mbele ya Waafrika na kuungama kiburi cha rangi na hasira zao kwa watumishi wao wa nyumbani. Ndugu walitumia mfano wa nyumba: paa liondolewe ili tuonane na Mungu, na kuta zibomolewe ili tuonane sisi kwa sisi. Kubomoa kuta kulikuwa kugumu zaidi. Wengi wetu tuko tayari kuonwa na Mungu, maana tunajua amekwisha kutuona; kuonwa na jirani ndiko kunakotutisha.

Na ile nguvu haikuwa ya kujionyesha. Kenya, wakati wa Mau Mau katika miaka ya 1950, ndugu wengi wa uamsho walikataa kula kiapo, na wengine wakakataa vilevile kupokea bunduki za serikali. Waliuawa kwa sababu hiyo. Waliosimama hivyo walikuwa wakulima na waalimu wa kawaida ambao kwa miaka kadhaa walikuwa wamezoea kuambiana ukweli juu ya mambo madogo.

Tungependa kuishia hapo, lakini historia haituruhusu. Uamsho ulikuwa na makosa yake, na wazee wetu wanayajua. Kulikuwa na kuungama kulikogeuka kuwa mashindano. Kulikuwa na mtu aliyeungama dhambi yake na katika kuungama akataja majina ya wengine watatu ambao hawakuombwa idhini. Kulikuwa na sheria juu ya sheria: mavazi, mikopo, mifugo, hata namna ya kukaa, mpaka neema ikawa na karani. Vikundi vikagawanyika juu ya nani ameamka zaidi.

Na kuna jambo zito zaidi. Mwaka 1994, katika nchi ileile ambamo Gahini imo, yalitokea mauaji ya kimbari ya Watutsi. Watu waliokimbilia makanisani waliuawa makanisani. Waliua waliobatizwa, na baadhi ya viongozi wa makanisa waliwasaliti watu wao. Wapo pia Wakristo, watu wa uamsho wakiwamo, waliokataa kutenganishwa na ndugu zao wakafa pamoja nao, na hao tunawaheshimu kama mashahidi. Lakini swali linabaki, nasi tunaliuliza kwa woga kwa kuwa tuko jirani na tuliona mto Kagera mwaka ule. Inawezekanaje nchi iliyofundisha Afrika Mashariki kuungama wizi wa jembe iwe na chuki kubwa namna ile?

Hatuna jibu la kutosha, na si haki kuwajibia Wanyarwanda. Kwa upande wetu tumeona hatari moja. Mtu aweza kujifunza kuungama yale ambayo ushirika umezoea kuyasikia, sukari na hasira na wivu, na kuyaacha yale ambayo ushirika wote unashiriki. Dhambi ya mtu mmoja ina mahali pa kusimamia siku ya Alhamisi. Dhambi yetu sote haina wa kuisimamia, maana hakuna anayebaki wa kuisikia. Tuliliandika hili tukidhani tunazungumzia Rwanda.

Usharika wetu una sufuria tatu kubwa za alumini kwa ajili ya misiba na harusi, kila moja na alama ya msalaba iliyogongwa chini kwa msumari. Miaka kadhaa iliyopita, baada ya harusi moja, zilionekana mbili. Ufunguo wa jiko la usharika ulikuwa kwa mama mmoja mjane, aliyetunza jiko hilo bila malipo. Hakuna aliyemshtaki. Hakuitwa katika kikao chochote. Tulichofanya ni kuchanga fedha kidogo na kununua kufuli jipya. Siku ya msiba uliofuata alikuja alfajiri kama kawaida yake, akaingiza ufunguo wake, haukufungua. Akasimama pale muda mfupi, akarudi nyumbani. Tangu siku hiyo hakuja tena Alhamisi, na Jumapili alianza kusali katika mtaa wa mbali. Sisi tulisema, "Unaona? Dhamiri yake inamsuta."

Mzee mmoja wa ushirika wetu alikuwapo siku ya toroli, na alicheka pamoja nasi. Kijana alilirudisha toroli kesho yake asubuhi, pancha imezibwa, nasi tukadhani jambo limekwisha. Wiki tatu baadaye mzee huyo alikuja jioni na bodaboda, amekumbatia kitu kikubwa kilichofunikwa kitenge. Ilikuwa sufuria ya tatu. Aliichukua kwa ajili ya sherehe ya binti yake, akakusudia kuirudisha Jumatatu. Jumatatu akasikia watu wanaulizana, akaona aibu. Akangoja maneno yapoe. Yalipopoa yalikuwa yamekwisha kumwangukia mtu mwingine, na kuirudisha kukawa kugumu mara mbili. Ilikaa chini ya kitanda chake miaka minne. Alilia, nasi tukalia, na mtu mmoja akaanzisha wimbo.

Bibi akainua mkono. Wimbo ukakatika. Akamwambia mzee, "Baba, wewe umetengeneza na sufuria. Kwa yule mama utakwenda." Mzee akaitikia kwa kichwa. Kisha bibi akatugeukia sisi tuliosalia akauliza, "Na kufuli? Kufuli lilinunuliwa na nani?"

Tulikwenda Jumamosi, watu tisa, mzee mbele. Tulimkuta anamenya ndizi. Alitukaribisha kwa heshima, akatuletea vigoda na viti vya jirani ili sote tukae, akaendelea kumenya. Mzee alisema yake yote bila kujitetea. Nasi tukasema yetu: kwamba tulimhukumu bila kumwuliza, kwamba tulichanga. Tuliuweka ufunguo wa kufuli jipya mezani. Alinyamaza mpaka alipomaliza mkungu wote. Kisha akasema, "Miaka minne. Na hakuna aliyeniuliza." Hakusema neno jingine juu ya hilo. Akatupikia, tukala pamoja, ila kwa ukimya.

Mpaka tunapoandika haya hajarudi katika ushirika wa Alhamisi, na hatumhimizi. Bibi anasema kuna vitu ambavyo mtu hurudisha akaviacha mlangoni, na mwenye nyumba huviingiza ndani kwa wakati wake. Lakini wakati wa masika kulikuwa na msiba katika familia moja ya mtaani kwetu. Tulipofika jikoni alfajiri tulikuta mlango umekwisha kufunguliwa na moto unawaka. Alikuwa ameinua ile sufuria ya tatu na kuigeuza, anaitazama alama iliyoko chini. Akaipangusa masizi kwa kanga yake, akaiweka juu ya mafiga, akatuuliza maji yako wapi.